Safari ya Mioto Mitano

Wifi yangu hakuwahi kuvaa saa mkononi. Si kwamba alikosa ya kuvaa. Mume wake, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, alimnunulia mbili kwa vipindi tofauti, na zote zilikufa kwa mvuke. Wifi alikuwa mpiga pasi. Alianza kazi kwenye duka la dobi akiwa msichana mwembamba, pasi ya mkaa anaiinua kwa mikono miwili, akaja kustaafu mkono wake wa kulia ukiwa mnene kuliko wa kushoto. Mpaka leo fundi cherehani asiyemjua akimpima mkono mmoja tu, gauni linarudi.

Ukutani kwa dobi palikuwa na saa kubwa, lakini ilitazama upande wa wateja. Huku nyuma, kwenye meza za pasi, wanawake walipima muda kwa mkaa. Unajaza pasi makaa yaliyoshika vizuri, unaipunga mpaka majivu yatoke, unafanya kazi. Ikianza kupoa na kuburura nguo badala ya kuteleza, umemaliza moto mmoja. Moto mmoja ni kama saa nzima, kasoro kidogo ukiuziwa mkaa mbovu. Wenzake walipotoka kazini waliyaacha mahesabu hayo mlangoni. Wifi alikwenda nayo nyumbani. Sokoni kwake ni nusu moto kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya mzigo. Wali wa watu wanne ni nusu moto. Uchungu wa binti yake, na ndiye mtoto pekee aliyejaliwa, ulikuwa mioto sita, na anasema ule wa mwisho ulikuwa wa mkaa mbichi.

Mimi na yeye tumetaniana tangu siku ya kwanza alipoingia kwetu, kwa hiyo nikimsifu watu wasidhani napiga debe la ukoo. Hakuwahi kuunguza nguo. Miaka yote ile, mashati ya mabwana wakubwa, magauni ya maharusi, mashuka ya hoteli, hata alama ya rangi ya chai hakuacha. Nilikuwa nauza vitambaa duka la pili kutoka pale, nayaona. Mwenzake angegusa pasi kwa kidole chenye mate asikie ikilia, yeye alikuwa anaongea na mimi, mgongo kwa meza, halafu ghafla anakatisha maneno: "Ngoja, imefika." Na kweli ilikuwa imefika.

Basi mtu akishakuwa hivyo, desturi ya kuuliza inamtoka. Wifi hakuuliza njia, hakuuliza bei mara mbili, hakuuliza daktari maana ya maneno yake. Alisema, "Nimeelewa," akaondoka. Ndiyo maana nasema lile kosa la safari, nitakalolisimulia, lisingeweza kufanywa na mtu mjinga. Mjinga angeuliza.

Miaka michache kabla hajastaafu alianguka pale kazini. Nilisikia makelele, nikaacha mteja na kitambaa mkononi. Nilimkuta chini, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa ndoo, midomo inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mama yake. Muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua sare zake ndiye aliyemtia sukari shavuni, akasubiri, akamtia tena. Kumbe alikuwa ameanza sindano za kisukari wiki ile, amechoma asubuhi, halafu mlo wa mchana akauruka ili amalize moto. Kwenye kliniki walimwambia mbele yangu: ukishachoma, lazima ule, na cha mchana usikipitishe. Sindano ikichelewa, mwili utavumilia kidogo. Chakula kikichelewa, unaanguka. Akasema ameelewa. Na tangu siku ile alielewa kweli. Alikula mchana kwa wakati kama mwanajeshi, na mfuko wa aproni yake haukukosa peremende.

Binti yake aliolewa, mume akapata kazi mji wa mbali kabisa, wakahamia huko. Alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza alimtaka mama yake. Tiketi aliituma kwa simu, mdogo wangu akaenda kuichapisha, tukaketi watu watatu mezani jikoni: mimi, yeye na mkewe. Tiketi iko katikati kama mgonjwa.

Wifi aliweka kidole juu ya karatasi. "Inaondoka saa mbili asubuhi. Inatua saa saba mchana. Mbili mpaka saba ngapi, wifi?"

"Tano," nilisema. Nimesoma mpaka darasa la saba na hesabu haikuwahi kunipiga chenga.

"Mioto mitano. Nilikuwa nasimama zaidi ya hapo na mimba tumboni."

Mdogo wangu ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huyatoa kama anayefungua koki yenye kutu. Alikuna shingo. "Mwanao alisema ni mbali sana. Alisema kilomita elfu kumi na moja."

"Kilomita ni za gari. Mimi napanda ndege."

"Basi la kwenda kwa kaka yako linachukua saa nane, na ni humu humu nchini."

"Basi linasimama kila penye mtu kainua mkono. Huko juu nani atainua mkono?"

Hapo nilicheka, na mdogo wangu naye akacheka, na mambo yakaishia hapo. Hesabu ilikuwa hesabu. Binti alipopiga simu jioni kumsisitiza mama yake achukue chakula mkononi kwa sababu safari ni ndefu, wifi alimjibu, "Tiketi nimeiona. Nimeelewa."

Sasa kuna jambo la choo. Jirani yetu mmoja aliyewahi kusafiri alimsimulia kwamba choo cha ndege kinanguruma, kinavuta kwa nguvu mpaka sikio linaziba. Wifi alilichukua jambo lile akakaa nalo kutwa nzima. Kesho yake akatangaza: "Sitakula wala kunywa humo ndani. Alfajiri nachoma sindano yangu, nakunywa chai na mkate wangu na mayai. Cha mchana nitakula kwa mwanangu, moto wa sita. Sina haja na hicho choo chao."

Nilimfungia mkate na viazi vya kuchemsha kwenye karatasi. Alinirudishia. "Unataka ninuke viazi mbele za watu? Mambo gani hayo, wifi."

Dawa na sindano zote alizipanga kwenye begi kubwa, lile linaloingia tumboni mwa ndege, akiogopa wakaguzi wasije wakazichukua. Alivaa gauni jipya la rangi ya udongo, limenyooshwa mpaka mtu anaogopa kulikumbatia. Kwenye uwanja wa ndege alituaga kama anakwenda dukani. Mdogo wangu alitaka kumshika mkono, akaishia kumshika mkoba. "Nenda salama, mama," alimwambia. Naye: "Mchana nitawapigia. Msikae na simu kama mayai ya kuatamia."

Tulirudi nyumbani. Mimi nilibaki kwao siku ile, maana niliona mdogo wangu anazunguka ndani kama aliyepoteza spana. Alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni kutundika koti. Akakaa huko. Nilipokwenda nilimkuta ameshika aproni ya mkewe, mkono uko mfukoni mwa aproni, na kwenye kiganja ana peremende.

"Ameziacha," alisema.

"Atakuwa amechukua nyingine."

"Gauni lile halina mifuko, dada. Nilimfunga vifungo mimi mwenyewe."

"Ana mkoba."

"Mkoba niliushika. Ulikuwa mwepesi."

Nilimwambia kwamba safari yenyewe ni ya mioto mitano, atakula kabla njaa haijamkumbuka. Tukakubaliana hivyo. Lakini peremende hakuzirudisha mfukoni. Aliziweka juu ya meza, akawa anazitazama.

Saa saba ilifika. Tulijua kuna foleni za kushuka na kukaguliwa, tukampa nafasi. Nilipika wali, mdogo wangu akasema ataula akishaisikia sauti ya mkewe. Saa saba na nusu. Mdogo wangu aliinuka akajaribu kama simu ina mtandao, akajipigia kwa simu yangu, ikaita, akaikata haraka kama vile tumeziba njia. Ilipogonga saa nane nilisema basi, na nikampigia binti mimi mwenyewe.

Aliitika kwa sauti ya mtu aliyetoka kuamka. "Shangazi? Mbona mapema hivi, kuna nini?"

"Mapema gani, mwanangu? Mama yako umeshampokea?"

"Nimpokee wapi? Mama si yuko angani?"

"Angani vipi? Tiketi inasema anatua saa saba mchana."

"Ndiyo, saa saba ya huku. Huku sasa hivi ni saa moja asubuhi, shangazi, ndiyo kwanza nachemsha maji. Huko kwenu atakapotua itakuwa saa mbili usiku. Safari ni saa kumi na mbili mfululizo. Si nilimwambia ni ndefu?"

Simu nilikuwa nimeiweka sauti kubwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu nami, na niliona mdomo wake ukihesabu. Saa kumi na moja alfajiri alichoma. Saa kumi na moja ile ile akanywa chai. Mpaka saa mbili usiku.

"Baba yuko hapo?" binti aliuliza. "Mbona mmenyamaza? Mama kabeba chakula chake?"

Mtoto yule alikuwa na tumbo la mwezi wa tisa na daktari amemwambia apumzike. Mdogo wangu alinitikisia kichwa nisiseme. Nilimwelewa. Lakini niliona pia kwamba sisi wawili tumekaa jikoni na wali unapoa, hatuna njia yoyote ya kufika angani, na mwenye njia labda ni yeye. Nikamwambia yote: sindano, gauni lisilo na mifuko, choo kinachonguruma.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ya mama yake, ile ya "ngoja, imefika": "Nipeni nafasi. Napiga simu kampuni ya ndege."

Mtu akiwa ndani ya nyumba unaweza kumgongea mlango. Akiwa njiani unaweza kumfuata. Hata aliyelala hospitali unasimama dirishani. Wifi alikuwa mahali ambapo hakuna mlango. Nilitoka nje nikatazama juu kama mwendawazimu. Palikuwa peupe, na kunguru mmoja.

Kilichonitesa si kuwaza kwamba ataanguka. Ni kwamba najua anavyoanguka. Kwanza anakuwa mkali, anagombana na mtu kwa jambo dogo. Halafu jasho. Halafu mikono. Halafu anakuita kwa jina la mtu mwingine. Na kwenye ndege, mama mtu mzima aliyefumba macho kitini nani atajua kama amelala au anakwenda? Watamfunika blanketi. Nililiwaza lile blanketi mchana kutwa.

Binti alipiga baadaye kidogo. Amewekewa muziki kwenye simu muda mrefu, kisha akapata mtu, yule mtu akamhamishia kwa mwingine, na huyo wa mwisho akamwambia ujumbe umepokelewa.

"Umepokelewa na nani?" mdogo wangu aliuliza. "Na rubani au na yeye hapo mezani kwake?"

"Sijui, baba. Kasema umepokelewa."

"Watamfikishia?"

"Kasema watajitahidi."

Binti alipokata simu, mdogo wangu alikwenda kwenye sanduku lake la vifaa, akatoka na spana mbili, akafunga maji ya nyumba nzima na kuanza kulifungua bomba la jikoni. Halikuwa bovu. Nilimtazama akitoa koki, akitoa mpira, akipanga vipande juu ya gazeti kimoja baada ya kingine, anavisugua kwa kitambaa vikiwa safi tayari. Masufuria machafu yalikuwa yamejaa karai zima. Kila mtu ana pa kuweka mikono.

Jioni nilimsogezea sahani. Akaisukuma.

"Mwenzangu hajala," alisema.

"Na wewe ukianguka nitamkimbilia nani kwanza?"

"Mimi sina sukari, dada."

"Una ubishi, ambao ni mbaya zaidi. Kula."

Alikula vijiko vichache, macho kwenye peremende. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, kama anayeuliza hali ya hewa: "Hivi ingekuwa kuna jambo, wangetua mahali pengine, si ndiyo? Wangempigia mtoto?"

"Wangempigia."

"Basi simu isipolia ni vizuri."

"Ni vizuri."

Kwa hiyo kutwa nzima tulikuwa tunaomba simu ilie, na kuanzia hapo tukawa tunaomba isilie. Saa kumi na mbili jirani yule wa habari za choo alipiga kutaka kujua kama mgeni amefika. Simu ilipoita mdogo wangu aliangusha mpira wa koki, ukavingirika chini ya kabati. Nilimjibu yule jirani maneno ambayo baadaye ilinibidi niende kwake na sukari kilo moja kuyarudisha.

Saa mbili usiku ikafika. Tulikuwa tumekaa pande mbili za meza, simu katikati, palepale ilipokaa tiketi. Ikapita. Nilijua kuna foleni, lakini akili haikubali foleni mara mbili kwa siku moja. Mdogo wangu alikuwa ameshika kile kipande cha juu cha koki, anakizungusha, anakizungusha.

Ikalia. Hakuna aliyeigusa mara moja. Kisha tukaigusa wote wawili.

"Wifi," sauti ilisema, nayo ilikuwa kali, haina machozi wala shukrani. "Wewe umenitangaza mpaka angani?"

Mdogo wangu aliweka kichwa juu ya meza. Mimi nilisema, "Umekula?"

"Nimekula mpaka wahudumu wakaanza kujificha. Usibadilishe maneno. Mtu anapita kwenye kiti baada ya kiti, anauliza kwa sauti, 'Yupi ni mama mwenye sukari?' Watu wote wanageuka. Mimi nimevaa gauni jipya. Nani aliwapa habari za damu yangu?"

"Ni mimi."

"Nilijua. Mpe mume wangu simu."

Nilimpa. Hakuweza kusema zaidi ya "Ndiyo, mama. Ndiyo. Ndiyo, nimekula." Halafu alinirudishia, akaenda kusimama penye bomba lake lisilo na kichwa.

Yaliyotokea huko juu alinisimulia kwa vipande, leo hiki, wiki ijayo kile, maana hapendi kusimulia mahali alipokosea. Wakati wa chakula cha kwanza alikataa sahani. Wakati wa vinywaji alikataa kikombe. Alikaa mikono juu ya mapaja, akihesabu mioto yake kimoyomoyo, na anasema hakupoteza hata mmoja. Wa tano ulipoisha alinyoosha gauni, akaweka mkoba magotini tayari kushuka. Ndege ikaendelea tu. Hakuna aliyetangaza kitu. Akatazama dirishani: jua liko palepale lilipokuwa, halijasogea. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Jua linasema muda haujaenda, na mwili unasema umekwenda. Akaanza kuwaza kwamba rubani ameupita mji na anaona aibu kuwaambia watu.

"Si ungeuliza?" nilimwambia.

"Nimuulize nani kama amepotea? Atakubali?"

Moto wa sita ukaanza. Na wifi akawa mkali. Hasira yote ilikwenda kwa mtu aliyekaa kiti cha pili, baba mmoja mwenye kipara, mpole, anayesoma gazeti. Hakumkosea kitu. Ila alikuwa amevaa shati ambalo mkono wake una mistari miwili, mmoja wa pasi ya jana na mwingine wa pasi ya juzi. Wifi alikuwa ameuvumilia mkono ule tangu walipopaa. Sasa akashindwa.

"Samahani, baba. Hilo shati nani alilipiga pasi?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Nilijua. Umechora reli."

Yule baba, Mungu amzidishie, alicheka. Alisema alipiga harakaharaka, na kwamba ana jingine kwenye mkoba, atabadilisha kabla ya kutua.

"Kabla ya kutua lini? Si ndiyo tunatua sasa?"

Yule baba akatazama kile kioo kidogo cha ramani ya safari mbele ya kiti chake. "Bado sana, mama. Zimebaki saa sita na nusu hivi. Hata nusu ya njia hatujafika."

Wifi anasema alisikia maneno yale yakitoka mbali, kama kwenye bomba. Akatazama mikono yake juu ya mapaja: inatetemeka, na gauni limelowa mgongoni. Akataka kusema kitu kwa yule baba, mdomoni likaja jina la mama yake. Alilisikia mwenyewe. Anasema kama asingelisikia, asingeamini. Akakusanya akili iliyobaki, akasema neno ambalo sidhani aliwahi kumwambia mtu asiye wa ukoo: "Nisaidie. Nipe kitu cha sukari."

Baba yule alikuwa na soda aliyoiacha nusu na biskuti ambazo hakuzifungua. Akampa vyote, akabonyeza kengele ya wahudumu. Wifi alipokuwa tayari ameshakula sahani ya pili ndipo mhudumu mmoja alipokuja na ujumbe wa binti, akipita kiti baada ya kiti. Kwa hiyo msaada wetu ulifika, ila ulifika umechelewa na una kelele. Ndilo hasa lililomuudhi. Na choo alikwenda, mara tatu. Kinanguruma kweli, anasema, lakini hakimezi mtu.

Kabla hawajatua alimwambia yule baba avue shati, na kwa kuwa pasi haipo, akaukunja mkono vizuri, akaufuta mstari mmoja kwa kiganja na maji ya moto ya kikombe. Mmoja ulibaki. Anasema ulinyooka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, uchungu wake mioto mitano. Na jana wifi amepiga. Anarudi wiki ijayo.

"Chukua kalamu," aliniambia. "Tiketi inasema naondoka saa kumi na moja jioni, natua huko saa sita mchana kesho yake. Toa."

Nikatoa. "Kumi na tisa."

"Si kumi na tisa. Ni kumi na mbili, zile zile za kuja."

"Umejuaje?"

Nilisikia kitoto kikilia nyuma yake, na maji yakimwagika mahali.

"Nimeuliza," alisema.

Sikumtania. Nilimwambia afunge viazi, akasema ameshanunua mkoba wenye mifuko sita. Nilipomweleza mdogo wangu, alikubali hesabu yote bila ubishi, akasema sasa hana wasiwasi hata kidogo. Halafu nikamwona analitazama bomba la jikoni, anaigusa koki kwa kidole, anasema anasikia kama linadondosha. Halidondoshi. Mimi nimeshajaza ndoo zote maji.